Bei ya Mwisho

Bei ya mwisho inakaa tumboni. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha kule upande wa Butembo alipokuwa akiuza viazi, na ndivyo nilivyofanya mimi miaka yote niliyouza kokoto hapa Goma. Mununuzi anakuja, anauliza, unamutajia bei ya juu. Anacheka, anasema mama wewe umerogwa. Unashuka kidogo. Anageuka kuondoka, unamuacha afike karibu na kona, kisha unamuita, Papa, rudi basi, leta. Pale munapokutana ndipo bei. Lakini ile ya chini kabisa, ile ambayo ukiipita unarudi nyumbani kuwapikia watoto maji matupu, hiyo haijui mutu. Mume wako haijui. Na jirani yako wa kazi, huyo ndiye wa kwanza asiyepaswa kuijua.

Ninasimulia haya kwa sababu wajukuu wangu wanadhani kiwanja chetu cha mawe tulipewa. Hatukupewa.

Kiwanja kiko nyuma ya Murara, mahali moto wa mlima ulipopita zamani ukaacha mawe meusi yenye matundu kama mukate. Ni udongo wa leta, yaani wa serikali, lakini leta haikuwa na kazi nao. Sisi wanawake tulifika pale mumoja mumoja. Mimi nilifika nilipofiwa na bwana wangu, aliyekuwa akifanya safari za malori ya Butembo. Wengine walifika wakikimbia vita, na mutoto mugongoni na sufuria kichwani. Unapasua jiwe kubwa kwa nyundo nzito, halafu unakaa chini na nyundo ndogo, unagonga mpaka liwe kokoto, unapanga lundo lako kando ya njia, unangoja mutu anayejenga. Vidole vinaumia. Macho yanaumia. Sitaisifu kazi ile. Lakini ilisomesha watoto wangu, mimi niliyeacha shule nikijua kusoma katekisimu na kuandika jina langu, basi.

Mbele yangu, ngambo ya njia, alikaa mama mumoja wa Masisi. Mujane kama mimi, umri kama wangu. Kwao walikuwa na ngombe kabla ya vita kuwafukuza. Tulitazamana miaka mingi, lundo lake kule, langu huku, na hatukupendana. Mununuzi akinikimbia anaenda kwake, akimukimbia anakuja kwangu, na kila mumoja wetu aliamini mwenzake anauza kwa bei ya bure ili amuue kwa njaa. Yeye alikuwa akiwaambia wengine, nikisikia, kwamba mutu wa Butembo siku ya kufa atamushika malaika mukono wapatane bei. Mimi nikasema, kwa sauti ya kufika ngambo, kwamba kuna watu wanaopima kokoto kama wanavyopima ngombe: wanatazama tu kutoka mbali na kusema zote ziko.

Mambo ya bahasha yaliletwa na muke wa mwana wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja alipita komini, ofisi ya leta ya mtaa wetu, kutafuta karatasi yake, akasoma tangazo ukutani: wanatafuta mutu wa kuleta kokoto kwa ajili ya kiwanja cha kituo cha afya. Kila anayetaka aandike bei yake, aifunge ndani ya bahasha, apeleke. Wenyewe ofisini wana jina refu la Kifaransa kwa hilo. Sisi tulisema kazi ya bahasha, na mpaka leo tunasema hivyo.

Nikawakusanya wanawake. Wengine walicheka, wakasema kazi za leta ni za watu wa leta. Niliwauliza kama wamewahi kujaribu wakakataliwa, ao wamekataa wenyewe kabla ya kukataliwa. Tukakubaliana, hata yule wa ngambo ya njia. Muke wa mwana wangu akatusaidia kuandikisha kikundi, akakimbia huku na huku mpaka viatu vikaisha. Na siku ya kuandika bei tuliandika kama watu wazima wanaojua soko. Tuliweka bei ya juu, ya heshima, ili mukubwa wa ofisi apate mahali pa kutushusha na yeye ajisikie mutu.

Bahasha zilifunguliwa kwenye sala ya komini, ukumbi wao wa mikutano, mbele ya watu wote. Aliyezifungua alikuwa bwana mumoja wa miwani, mutulivu, ndiye mukubwa wa kamati. Alisoma bei ya huyu, bei ya yule. Yetu ilikuwa juu kuliko zote. Hatukushituka. Tulikaa wima na vitenge vyetu vya misa, tukingoja kuitwa. Yule bwana akakusanya karatasi zake, akafunga kalamu. Bado tunangoja. Ndipo mama wa Masisi aliposimama na kuuliza kwa adabu kabisa:

"Papa, na kushuka ni saa ngapi?"

Watu walicheka mpaka mulinzi akachungulia mulangoni. Bwana wa miwani hakucheka. Alimuambia, "Mama, hapa hakuna kushuka. Bei iliyo ndani ya bahasha ni ya kwanza, na ni ya mwisho."

Kazi ilichukuliwa na mufanyabiashara mumoja mwenye mashini ya kusaga mawe. Tulipokuwa tukitoka alitupisha mulangoni kwa heshima, akasema wamama karibuni, leo mumekuja sokoni. Nilimujibu kwamba sokoni ndiko mama yake alikopata pesa ya kumunyonyesha. Hakukasirika. Mutu aliyeshinda hakasiriki.

Nje, bwana wa miwani alinikuta nikifunga kitenge. Aliniambia maneno machache ambayo ndiyo yalitusaidia kuliko semina zote zilizokuja baadaye. Alisema, mama, maswali yanaulizwa mbele, si nyuma. Kabla ya siku ya bahasha mulango wake uko wazi kwa kila mutu, na sheria inamulazimisha kujibu. Siku yenyewe ikifika hawezi tena hata kumusalimia mutu vibaya ao vizuri.

Tulirudi kwa miguu. Mama wa Masisi alikuwa mbele, ananungunika: watu gani hawa wanaonunua bila kuzungumza. Nilimuambia ni watu wasionunua kwa pesa yao. Hiyo, nadhani, ndiyo mara ya kwanza tulisema neno bila kutukanana.

Kisha likaja tangazo la pili, na hilo halikuwa la kuchekesha. Komini itatengeneza mifereji ya maji Murara na Mabanga, kwa sababu kila mvua ikinyesha watu walikuwa wakikoga ndani ya nyumba zao. Kokoto nyingi zinatakiwa. Na muke wa mwana wangu alipofika chini ya karatasi alisoma polepole: atakayeshinda ndiye atakayepewa haki ya kuvunja mawe kwenye kiwanja cha leta nyuma ya Murara. Wengine wote wataondoka.

Nilimuambia asome tena. Akasoma tena. Ilikuwa vile vile.

Tulipokosa kazi ya kituo cha afya, tulirudi kwenye mawe. Tukikosa hii, hakuna mawe. Kuna wanawake pale ambao hawakuwa na shamba, wala ndugu, wala mahali pengine pa kuweka nyundo chini. Wengine walianza kusema twende kumuona mutu fulani jioni, tumupelekee kuku. Nilikataa. Niliwaambia kuku anakufa leo, kesho wanataka mbuzi, na kesho kutwa aliye na mashini analeta ngombe muzima. Kwa njia hiyo hatuwezi kumushinda hata tukichinja mpaka mbwa wa jirani. Tutapita mulangoni, muchana, na swali.

Kwa sababu tangazo lilikuwa na masharti. Mwenye kuleta bahasha awe na lori lake. Awe na mashini ya kusaga. Nani kati yetu ana lori? Nilivaa, nikaenda komini, nikakaa kwenye benchi mpaka bwana wa miwani akaniita. Nilimuuliza kama komini inanunua mashini ao inanunua kokoto. Akasema kokoto. Nikamuuliza lori litaingia Mabanga kwa mulango gani, maana mimi nina dada anayekaa kule, na kwenye njia yao watu wawili wenye mabeseni wakikutana, mumoja anarudi nyuma. Kule kitu kinaingia kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, ikisukumwa, ao kwa kichwa cha mwanamuke.

Alivua miwani, akaifuta. Akaniambia hilo yeye mwenyewe alilisema kwenye mukutano wao, hawakumusikiliza. Lakini swali la mutu wa inje likija kwa maandishi, kamati yote inapaswa kukaa na kulijibu. "Andika, mama," alisema. "Lisiloandikwa mimi sikulisikia."

Muke wa mwana wangu aliandika, mimi nikaweka jina langu. Sikupewa neno lolote la kutuliza roho. Tulivunja mawe, tukangoja. Halafu karatasi mupya ikabandikwa juu ya ile ya zamani: kazi imegawanywa sehemu mbili. Sehemu kubwa ni ya barabara pana, kwa malori. Sehemu ndogo ni ya njia nyembamba za Mabanga, na huko hawadai lori wala mashini. Wanadai tu kokoto za kipimo chao, zifike mpaka mahali fundi anaposimama. Kiwanja nacho kitagawanywa, kila mushindi na upande wake.

Wanawake walipiga vigelegele. Mulango umefunguliwa, lakini bado tulikuwa tumesimama inje, na kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko lori. Kilikuwa tumboni mwetu.

Tulikaa kwangu Jumapili, misa ilipokwisha. Niliwaeleza: safari hii kila mumoja aseme bei yake ya mwisho kwa ndoo. Ya mwisho ya kweli. Tutaziweka pamoja, tutaongeza chukudu, tutaandika. Walinitazama kama nimewaomba wavue nguo. Mumoja akataja bei, na hata mutoto aliyekuwa akilala pale alijua ni ya kuanzia. Wa pili akataja hiyo hiyo. Wa tatu hiyo hiyo. Niliwaambia tukienda na hii tutaulizia tena saa ya kushuka.

Muke wa mwana wangu akasema labda kila mutu amunongoneze yeye kwa sikio, atafanya hesabu peke yake. Mama wa Masisi akatikisa kichwa. "Sikio lako, mutoto wangu, linalala ndani ya nyumba ya nani?" Wakacheka, na alikuwa na haki. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiwe umetuita. Anza."

Mutu asiyeuza barabarani haelewi mama yule alichokuwa akiniomba. Nikitaja, kesho akitaka anakaa chini yangu kidogo tu, na wanunuzi wote wanavuka njia. Anaweza kunimaliza kwa juma moja. Watoto wangu wamekula kwa sababu mutu yule hakujua nambari ile. Niliwaza kama ningeweza kutaja ya uongo, ya karibu na kweli. Lakini uongo wa kwangu ungefuatwa na uongo wa wote, na bahasha ingebeba uongo wetu mpaka komini, na tungeondoka kwenye mawe tukiwa na siri zetu.

Nikataja. Kwa sauti ya kawaida, kama mutu anavyotaja jina la kijiji chake.

Mama wa Masisi alinitazama sana. "Ni hiyo?"

"Ni hiyo."

"Miaka yote mimi nilidhani uko chini ya hapo. Nikawa ninashuka ili nikufikie."

Nilimuuliza ameshuka mpaka wapi. Alipotaja yake, wanawake wengine waliguna. Ilikuwa chini, chini kabisa. Kwa bei ile mutu hali. Anagonga mawe tu ili asionekane amelala. Nilihisi hasira, na haikuwa ya kumukasirikia yeye. Tulikuwa tumesukumana kwenye shimo kila mumoja kutoka upande wake wa njia, na wajenzi wa muji walikuwa wakipita katikati wakijaza malori.

Baada ya hapo wengine walisema. Nyingine zilikuwa karibu na yangu, nyingine karibu na yake. Na ugomvi mupya ukaanza papo hapo, kwa sababu mumoja alisema basi, tumepata dawa: tuandike ile ya mama wa Masisi, ya chini kuliko zote, hakuna mashini itakayoifikia. Wengi walipenda. Walianza kuinuka.

Niliwaambia wakae. Nilimuuliza mama wa Masisi, ndani ya bei yake, nani anamulipa mugongo wake kubeba? Akasema mugongo ni wake. Nani anamulipa siku anayougua? Akasema akiugua anaugua. Nikasema hiyo si bei ya mwisho, hiyo ni bei ya kujizika, na mimi jina langu haliendi kwenye karatasi ya kuzika mutu. Tukishinda na bei ile tutavunja mawe ya komini na njaa, tutachelewa, watatufukuza katikati ya kazi, na kiwanja kitaenda huko huko kwa mashini. Kikundi hakiwezi kuandika chini ya mahali ambapo mutu wake wa mwisho anakula.

"Na tukikosa kwa sababu ya mugongo wangu?" aliuliza.

"Tutakosa."

Hawakulipenda jibu lile. Mumoja alisema mama, wewe una mwana na mwalimu nyumbani, unaweza kukosa. Ilikuwa kweli, na niliiacha ikae kama alivyoiweka. Lakini sikushuka. Tulibishana mpaka chai ikapoa na mutoto akaamuka, na mwishowe aliyeamua alikuwa mama wa Masisi mwenyewe. Alisema waongeze mugongo. Alisema hajawahi kuulipisha, anataka kuona unagharimu nini.

Siku ya kufungua, sehemu ndogo ilikuwa na bahasha tatu: yetu, ya yule mwenye mashini, na ya bwana mumoja mugeni aliyevaa koti zito kwenye jua. Ya mugeni ilisomwa kwanza, ikawa juu. Ya mashini ikasomwa. Ndoo zake zilikuwa rahisi kuliko zetu, na wanawake nyuma yangu walivuta pumzi. Mama wa Masisi alinishika kiganja akakifinya mpaka pete yangu ikaniuma. Lakini bwana wa miwani aliendelea kusoma: kufikisha kwenye njia nyembamba, mwenye mashini alikuwa ameandika bei yake kando, kubwa, kama mutu asiyependa kuingia kule. Alipojumulisha, ilipanda. Kisha yetu, na mugongo ndani yake. Ilikuwa chini ya ile. Si kwa mengi. Lakini chini.

Hakutuambia tumeshinda. Alisema kamati itakaa. Mumoja wao, kijana wa tai, aliuliza kama wamama wanaweza kumaliza kabla ya mvua kubwa, kwa nyundo tu. Nilimuambia aje kiwanjani aone. Akasema atakuja. Akaja kweli, na viatu vyeupe, akakaa juu ya jiwe muchana muzima akitazama, na aliporudi alikuwa na viatu vyeusi. Siku chache baadaye barua ya komini ilifika shuleni kwa muke wa mwana wangu, ikasema sehemu ndogo ni yetu.

Sehemu kubwa alipata mwenye mashini. Watu waliniuliza kama hilo halikuniuma. Hapana. Barabara pana ni zake, ana lori.

Kilichobaki ni kugawanya kiwanja. Komini ilituma mutu na kamba na kopo la rangi nyeupe. Mwenye mashini alimutuma karani wake. Sisi tulikuja wote, kila mumoja na nyundo yake, ingawa hakukuwa na kazi ya kufanya ila kusimama. Mupimaji akafunga kamba kwenye jiwe la juu, akateremka nayo akipaka rangi. Mimi na mama wa Masisi tulitembea nyuma yake, yeye upande huu wa mustari, mimi upande ule. Katikati, karibu na mawe mazuri yanayopasuka bila kubishana, kamba ilianza kuegemea kwetu. Kidogo tu, jicho la haraka lisingeona.

Mama wa Masisi aliweka muguu juu yake.

"Papa, imepinda."

Mupimaji akasema haikupinda, ni ardhi iliyoinama. Karani akasema wamama, tusipoteze muda, ni hatua tatu tu. Nilimuambia kama ni hatua tatu tu basi hazitamuumiza bosi wake akizikosa. Nikakaa juu ya rangi mbichi, na kitenge changu. Mama wa Masisi akakaa kando yangu. Kisha wengine wakashuka mumoja mumoja, wakakaa wamenyooka kutoka jiwe la juu mpaka njia ya chini, mpaka mustari uliopaswa kuwepo ukaonekana wazi kuliko ule wa rangi.

Mupimaji alitutazama, akamutazama karani, akaangalia jua. Akarudi juu, akafungua kamba, akaanza tena.

Alipofika kwetu tuliinuka tumupishe. Ngambo ya pili mashini ikawashwa, ikaanza kunguruma na kutoa vumbi. Niliwaambia wanawake waache kuangalia vumbi la watu. Mvua zilikuwa karibu na Mabanga ilikuwa ikingoja. Tukakaa chini, tukaanza kugonga.